Kupiga Kambi ya Asili katika Msitu wa Mlimani

Kambi ya asili inayozungumzwa hapa ni ile ambayo mtu huingia msituni kwa miguu akiwa amebeba kila kitu mgongoni, pasipo choo kilichojengwa, pasipo bomba la maji, pasipo mlinzi wala jirani, na mara nyingi pasipo mtandao wa simu. Mlimani hali hiyo huongezewa mambo matatu, yaani baridi, unyevu na mwinuko. Nimelala katika misitu ya namna hii mara za kutosha kuamini kwamba usiku mbaya huanza mchana. Mtu anayetetemeka saa nane za usiku, kwa kawaida, ni yule aliyechelewa kusimama alasiri, au aliyeziacha nguo zake zilowe akidhani kwamba mvua itapita, au aliyefunga turubai mahali palipompendeza macho badala ya mahali palipofaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu saa za mwanga, kwa sababu humo ndimo usiku unamotengenezwa.

Kabla ya kuondoka

Uliza kwanza kama inaruhusiwa. Misitu mingi ya milimani ni hifadhi au vyanzo vya maji vinavyolindwa, na kila mmoja una kanuni zake kuhusu vibali, maeneo ya kulala na, zaidi ya yote, moto. Palipopigwa marufuku kukoka moto, pika kwa jiko dogo la gesi ikiwa majiko yanaruhusiwa, na panga safari yako kana kwamba moto haupo duniani. Hata panaporuhusiwa, usiutegemee moto kuwa ndiyo njia yako pekee ya kupata joto, kwani siku utakapouhitaji sana ndiyo siku ambayo kila ukuni utakuwa umelowa.

Kisha andika kwenye karatasi njia utakayopita, mahali unapotarajia kulala, siku na saa utakayorudi, na saa ambayo, usiposikika, msaada utafutwe. Mwachie karatasi hiyo mtu mwenye akili timamu ambaye hatasita kupiga simu saa hiyo ikifika. Usibadilishe njia baada ya kuondoka bila kumjulisha.

Kukadiria mwendo wa mlimani kuna kanuni ya zamani iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ambayo hadi leo inafaa kuanzia hesabu: saa moja kwa kila kilomita 5 za umbali, na saa nyingine moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye kupanda mita 1,200 zitakuchukua saa nne hivi kwa kanuni hiyo, lakini Naismith hakuwa akifikiria mtu aliyebeba kilo kumi na tano akipenya vichaka kwenye matope. Msituni mimi huongeza nusu ya muda uliopatikana, na hesabu hiyo haijawahi kunionekea kuwa ya woga.

Kuhusu baridi, halijoto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama bondeni usiku huwa nyuzi 18, tarajia nyuzi 5 hivi ukilala mita 2,000 juu yake, na hapo upepo na manyunyu bado havijahesabiwa. Chagua mfuko wa kulalia kwa kuzingatia takwimu hiyo, na siyo kwa joto ulilolihisi ulipokuwa ukifunga mzigo.

Vya kubeba havihitaji kuwa vingi. Turubai jepesi la mita 3 kwa 3 au hema dogo, kamba nyembamba ya mita 20 hivi, mfuko wa kulalia, godoro la sponji, kisu imara, sufuria moja yenye mfuniko, tochi ya kichwani na betri za akiba, ramani na dira, filimbi, vifaa vya huduma ya kwanza, chujio au dawa ya maji, na njia mbili tofauti za kuwasha moto. Nguo za pamba hushika maji na kumnyonya mtu joto zinapolowa, kwa hiyo sufu au vitambaa vya polyester vinafaa zaidi. Tenga suruali, fulana na soksi za kulalia tu, uzifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, na usizivae mchana hata kama nguo nyingine zote zimelowa chapachapa. Kanuni hii ni ngumu kuishika asubuhi yenye mvua, lakini ndiyo iliyonipa usingizi katika usiku ambao vinginevyo ungekuwa wa mateso.

Saa tatu za mwisho za mwanga

Simama saa tatu kabla ya jua kuchwa. Giza la msituni hutangulia giza la nje, kwa kuwa matawi huzuia mwanga na migongo ya mlima hulificha jua mapema, hasa bondeni. Kama huna saa, nyoosha mkono mbele na upange vidole vilivyolala kati ya jua na upeo wa macho: kila kidole ni takriban dakika 15. Makadirio hayo hubadilika kulingana na mahali na majira, lakini yanatosha kukuzuia usijidanganye. Ukiona mahali pazuri mapema kidogo, pachukue, kwa sababu mwendo wa dakika arobaini zaidi mara nyingi huishia kwenye mteremko ambao hata mbuzi hawezi kulala.

Unapochagua mahali, anza kutazama juu kabla ya kutazama chini. Mti uliokufa na tawi lililokatika likanasa juu ni hatari ambazo hazitoi taarifa, na si lazima pawe na upepo ili ziporomoke, kwa kuwa mvua peke yake huongeza uzito wa mbao iliyooza. Tazama magome yanayobanduka, kuvu waliojipanga kwenye shina, na mti ulioinama huku udongo wa upande mmoja wa mizizi ukiwa umeinuka. Lala mbali na mti wa namna hiyo kwa umbali unaozidi urefu wake. Chini ya genge, chunguza mawe yaliyotapakaa: yakiwa yamefunikwa na kuvumwani yamekaa hapo miaka mingi, lakini yenye kingo kali na uso msafi yameanguka hivi karibuni, na mengine yatafuata.

Halafu fikiria jinsi hewa inavyotembea. Usiku hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kujikusanya bondeni na kwenye vishimo kama maji yanavyofanya, na ndiyo sababu ukungu wa alfajiri hukaa huko. Juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, kuna upepo na radi, na kipito kati ya vilele viwili hufanya kazi kama mdomo wa mvukuto. Mahali panapofaa ni katikati, penye sehemu tambarare kidogo kwenye mteremko, yenye miti hai iliyo mizima upande unaotoka upepo, na ikiwezekana inayotazama mashariki ili jua la asubuhi likukaushie vitu mapema.

Kaa angalau mita 60 kutoka kwenye kijito. Watu wengi hupenda kulala kando ya maji, nami naelewa kwa nini, lakini maji ya mlimani yanaweza kupanda ghafla kutokana na mvua iliyonyesha juu, mahali ambapo wewe huoni wala husikii. Tafuta mstari wa majani makavu, vijiti na matope ulionasa kwenye vichaka juu ya usawa wa maji, kwa maana huo ndio unaokueleza mafuriko ya mwisho yalifika wapi. Mbali na hilo, kando ya maji pana baridi zaidi, pana unyevu zaidi, ndipo njia za wanyama zinapokutana, na kelele za maji hukuzuia kusikia chochote kingine.

Hatimaye, kabla ya kufungua mzigo, lala chini mahali hapo kwa dakika mbili. Mwili utatambua mzizi, jiwe na mwinamo ambao jicho halikuuona. Kama kuna mwinamo mdogo, kichwa kikae upande wa juu.

Paa na kitanda

Turubai hufungwa kwa kukaza kamba kati ya miti miwili kwenye kimo cha kifua, kisha turubai likalazwa juu yake na pembe zake nne zikavutwa chini kwa vigingi au mawe. Upepo ukiwa mkali, shusha kamba hadi kwenye kiuno au goti na ufunge upande wa kutoka upepo karibu kabisa na ardhi. Kaza kitambaa mpaka kisiwe na bonde, kwani kila bonde hugeuka dimbwi, na dimbwi hushusha paa. Maji ya mvua hutembea kwenye kamba kutoka mtini hadi ndani ya makazi yako. Funga kipande kifupi cha uzi kwenye kamba hiyo, sentimita chache kabla ya turubai, kila upande, na matone yatashuka kwenye uzi na kuanguka nje. Mfereji wa kuzunguka hema usichimbwe, kwa sababu hukata mizizi na kuanzisha mmomonyoko. Ukihisi kwamba unauhitaji, umechagua mahali pabaya na unapaswa kuhama ukingali na mwanga.

Baridi ya ardhi humnyang'anya mlalaji joto zaidi ya anavyodhani, kwa kuwa uzito wa mwili hubana mfuko wa kulalia upande wa chini na kuutoa hewa ambayo ndiyo inayotunza joto. Godoro la sponji si anasa. Kama huna au ni jembamba, kusanya majani makavu yaliyokwisha kuanguka na uyalundike kwa unene wa mkono mzima, kutoka begani hadi kwenye vidole, maana ukiyalalia yatabonyea hadi kubaki robo tu. Yachunguze na kuyapekua kwa fimbo kabla ya kuyabeba, kwa ajili ya nge na nyoka. Usikate matagaa mabichi kwa ajili ya kitanda. Msitu wa mlimani hukua polepole, na jeraha la usiku mmoja huonekana miaka mingi baadaye.

Moto katika kuni zenye unyevu

Katika misitu inayokaa ndani ya mawingu, ukungu huganda kwenye majani na kudondoka mchana kutwa hata pasipo mvua. Kuni zilizolala chini ni kama sifongo, na kuziokota ni kujichosha bure. Tafuta tawi lililokufa ambalo bado linaning'inia au limeegemea mti mwingine bila kugusa ardhi. Livunje: likikatika kwa mlio mkali linafaa, likipinda kimyakimya liache. Hata tawi lililolowa nje huwa kavu katikati, kwa hiyo lipasue vipande vinne na utumie moyo wake.

Kusanya kuni kwa makundi matatu kabla ya kuwasha chochote: vijiti vyembamba kama njiti za kibiriti, vingine vyenye unene wa penseli, na vingine vya kidole gumba na zaidi. Kundi la kwanza lijaze mikono yote miwili. Wanaoshindwa kukoka moto kwa kawaida hawakukosea katika kuwasha, bali katika kukusanya, kwa sababu huwasha mapema, kisha huanza kukimbia kutafuta kuni huku moto ukifa nyuma yao. Chonga pia vijiti vitatu au vinne vikavu kwa kisu, ukiteremsha ukali wa kisu bila kukata hadi mwisho, mpaka kila kijiti kiote maranda membamba yaliyojikunja. Utomvu uliokauka kwenye shina la msonobari huwaka vizuri hata ukiwa na unyevu.

Ondoa mboji mpaka ufikie udongo wenyewe. Tabaka hilo la majani yaliyooza na mizizi linaweza kushika moto chini kwa chini, ukasafiri usionekane na kuzuka mahali pengine siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Panga vipande vinene vya kuni sambamba kama sakafu, ili moto mchanga usikae juu ya udongo baridi. Weka maranda juu yake, washa upande unaotoka upepo, na uongeze vijiti kwa kufuata ukubwa, ukiacha nafasi ya hewa. Kuni zenye unyevu zipange kuzunguka moto zikauke zikisubiri zamu yao. Kwa mafiga, usichukue mawe ya mtoni, kwani maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke na yanaweza kupasuka kwa kishindo.

Kibiriti cha gesi hudhoofika kwenye baridi kali, hivyo kiweke mfukoni karibu na mwili. Kijiti cha kutolea cheche hufanya kazi hata kikilowa. Kupekecha moto kwa vijiti ni ufundi mzuri ambao nauheshimu, lakini ujifunzie nyumbani kwa miezi, na usiuweke kuwa tegemeo lako katika msitu wenye ukungu.

Moto na jiko visiingie kamwe ndani ya hema lililofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua mtu akiwa usingizini. Kabla ya kulala, mwagia moto maji, koroga, mwagia tena, kisha gusa majivu kwa mkono. Kama yanachoma, moto bado uko hai.

Maji, chakula na choo

Maji yaking'aa kama kioo bado yanaweza kuwa na vimelea kama Giardia, vinavyotokana na kinyesi cha wanyama na watu. Chota juu ya njia za wanyama kadiri uwezavyo, tembea kidogo kufuata mkondo kuelekea juu uone kama kuna mzoga, kisha yachemshe. Yakishachemka kwa nguvu, dakika 1 inatosha, ila ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika 3, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Kwenye mita 3,000 huchemka kwa takriban nyuzi 90. Kwa sababu hiyohiyo chakula huchelewa kuiva, na vyakula vya kuchemshwa muda mrefu hula gesi nyingi. Dawa ya klorini haiui kimelea kingine kiitwacho Cryptosporidium kwa uhakika, na machujio mengi ya kubebwa mkononi hayazuii virusi, hivyo kuchemsha ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Kula chakula chenye mafuta kabla ya kulala, maana mwili hukigeuza kuwa joto polepole usiku kucha. Pikia mbali na mahali pa kulala, na akiba ya chakula, dawa ya meno na taka vyote viningʼinizwe kwenye mfuko mmoja, mita 4 kutoka ardhini na kama mita 2 kutoka kwenye shina.

Choo ni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, lililo mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kambi. Lifukie lote. Karatasi na taulo za kike rudi navyo.

Usiku wenyewe

Badili nguo kabla hujaanza kuhisi baridi. Vaa zile kavu ulizozitenga, funika kichwa, jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, iviringishe kwenye soksi na uiweke kati ya mapaja. Usipumulie ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu pumzi ni maji. Tochi, filimbi na viatu vikae mahali ambapo mkono utavifikia gizani bila kupapasa, na viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa.

Jifunze dalili za mwili kupoteza joto, na uwachunguze wenzako kwa sababu anayepatwa huwa wa mwisho kujua: kutetemeka kusikoweza kuzuiwa, vidole kushindwa kufunga vifungo, maneno kuburuzika, kukasirika au kunyamaza pasipo sababu. Jambo hili halihitaji theluji. Nyuzi 10 zenye mvua na upepo zinatosha. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mweke kwenye mfuko wa kulalia juu ya kitu kinachozuia baridi ya ardhi, na umpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza vizuri. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya: mshike taratibu, asitembezwe, na msaada uitwe.

Juu ya mita 2,500, maumivu ya kichwa yanayoambatana na kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida yahesabu kuwa ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Usipande zaidi. Zikizidi, au mtu akianza kupepesuka au kukosa pumzi akiwa amepumzika, teremka naye mara moja hata kama ni usiku.

Radi ikikaribia, hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, ondoka kwenye mgongo wa mlima na kwenye mti mrefu uliosimama peke yake, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ukipotea, kaa chini. Usifuate kijito kwenda chini kwa kudhani kwamba kitakufikisha kwa watu, kwa sababu mlimani vijito huishia kwenye maporomoko, na mtu aliyeteremka jabali lenye utelezi mara nyingi hawezi kulipanda tena. Piga filimbi mara 6 ndani ya dakika 1, tulia dakika 1, kisha rudia. Hiyo ndiyo ishara ya dhiki inayotumika milimani, na jibu lake ni milio 3 kwa dakika.

Kuondoka

Asubuhi subiri jua au upepo ukaushe turubai ikiwa una usiku mwingine mbele yako. Tawanya majivu yaliyopoa kabisa, rudisha mboji uliyoiondoa, sambaza majani ya kitanda, na pitia eneo lote ukiwa umeinama, kwani vipande vya kamba na vifuniko vidogo havionekani kwa aliyesimama. Ukishafika kwenye mtandao wa simu, mpigie kwanza yule uliyemwachia karatasi, ili asije akawatuma watu wengine kupanda gizani kumtafuta mtu ambaye tayari ameshuka.